Kuvuta Tela Milimani: Hesabu Inayoanzia Kwenye Nguzo ya Mlango

Kila tangazo la pikapu nchini Marekani lina namba moja inayoandikwa kubwa kuliko zote: uwezo wa kuvuta. Pikapu za daraja la kawaida, kama Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, Ram 1500 na Toyota Tundra, hutangazwa kuwa zinavuta tani nne, tano, na nyingine zaidi ya hapo. Familia inayotafuta tela la safari, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko na choo, huichukua namba hiyo na kuilinganisha na uzito wa tela ulioandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji. Pengo likionekana la kutosha, mkataba unasainiwa. Likizo ikifika, safari inaelekea milimani.

Nashikilia kwamba namba hiyo ni mahali pabaya pa kuanzia. Mlimani, pikapu chache sana hushindwa kwa kukosa nguvu za kuvuta. Zinazoshindwa huwa zimelemewa mahali pasipostahili, zimechemsha, au zimemaliza breki. Uzito umekaa wapi, joto linakwenda wapi, na gari litasimamaje: mwenye kuyajibu maswali hayo kabla ya safari hujikuta akinunua vitu tofauti kabisa na vile vinavyosifiwa dukani, na mara nyingi hujikuta akichagua tela dogo kuliko lile alilolitamani.

Tuchukue njia moja halisi, barabara kuu ya I-70 inayotoka Denver kuelekea magharibi kwenye Milima ya Rocky. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa safari isiyofika kilomita 100, barabara hupanda hadi handaki la Eisenhower–Johnson, karibu mita 3,400. Handaki hilo lina matundu mawili, moja la kila upande. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1973 na la pili 1979. Ukitokeza upande wa magharibi, barabara inashuka kwa kilomita 13 hivi hadi mji wa Silverthorne, ikipoteza takriban mita 650 kwa mteremko unaofikia asilimia 7. Hujapumua vizuri unakutana na Vail Pass, zaidi ya mita 3,200. Katikati ya yote hayo wamo madereva wa malori ya masafa, watu wa mapumziko, na pikapu zenye matela zinazopita hapo kwa mara ya kwanza maishani.

Jambo linalowatia watu hofu kuliko yote ni nguvu ya injini, na kwa kweli ndilo dogo. Injini isiyo na tabo, yaani turbo ya kusukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda, kwa kuwa hewa inayoingia kwenye silinda inazidi kupungua uzito. Injini yenye nguvu za farasi 390 usawa wa bahari inafika mlangoni mwa handaki ikiwa na 260 hivi. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, na ndiyo maana pikapu zenye injini ndogo za tabo hupanda huko kwa urahisi kuliko V8 za zamani. Lakini tazama mahitaji yenyewe. Pikapu na tela vyenye jumla ya tani 6.1, vikipanda asilimia 7 kwa kilomita 72 kwa saa, vinadai takriban nguvu za farasi 150 kwenye magurudumu, upepo na msuguano wa matairi vikiwa vimehesabiwa. Hata injini iliyodhoofishwa na mwinuko inazo. Sharti lake ni kwamba dereva aiache izunguke mara 4,000 au zaidi kwa dakika na avumilie kelele. Ile sauti kali si dalili ya ugonjwa. Injini inayozunguka kwa kasi katika gia ya chini inasukuma maji na mafuta mengi zaidi, na inaumia kidogo kuliko ile inayolazimishwa kukokota mzigo katika gia ya juu.

Namba ya uwezo wa kuvuta nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kivyake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kanuni ya pamoja inayoitwa J2807. Toyota ilitangulia kuifuata kwa Tundra ya mwaka 2011, na viwanda vikubwa vya Detroit vikaingia kwa pikapu zao za daraja hilo kwenye matoleo ya 2015. Sehemu yake maarufu ni mlima wa Davis Dam huko Arizona: kilomita 18 za kupanda, joto lisilopungua nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na pikapu yenye tairi moja moja nyuma hairuhusiwi kupungua chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio la haki, na limeleta heshima mahali palipokuwa na majigambo. Lakini mlima huo unaishia juu kidogo ya mita 1,000, chini ya Denver yenyewe. Ndani ya gari huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mmoja. Watoto hawamo, mbwa hayumo, baiskeli na jenereta havimo.

Ndiyo maana nasema hesabu ianzie mlangoni. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo yake: kuna kibandiko kinachosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kilo kadhaa. Huo ndio uwezo wa kubeba wa gari lile lile ulilosimama mbele yake, si wa ndugu zake walioko kwenye tangazo. Pikapu mbili za aina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya kilo 200, kwa sababu paa la kioo, mfumo wa kuvutia magurudumu yote manne na viti vya kifahari vimekwisha kula sehemu ya fungu.

Sasa tuweke namba. Kibandiko kinasema kilo 700, jambo la kawaida kwa pikapu ya milango minne ya daraja hilo. Tela lina kilo 2,700 likiwa tupu. Lakini hakuna anayevuta tela tupu: likiingizwa maji, mitungi ya gesi, vyombo, nguo na chakula, linafika kilo 3,300 bila mtu kuhisi amezidisha. Sehemu ya uzito huo haikai kwenye magurudumu ya tela. Inalemea mpira wa chuma nyuma ya pikapu. Tuuite uzito wa shingo. Ili tela litulie barabarani, shingo inapaswa kulemea asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa asilimia 13 ni kilo 429. Kiunganishi chenyewe, kilo 45. Baba, mama na watoto wawili, 260. Kuni, jenereta na kisanduku cha barafu kwenye bodi ya nyuma, 80. Jumla ni kilo 814. Pikapu inayotangazwa kuvuta tani tano imezidiwa kwa kilo 114 ikivuta tani tatu na kidogo.

Hesabu hii ndogo ndiyo kiini cha suala zima, na inasikitisha kwamba wauzaji wengi wa matela hawaifanyi mbele ya mteja. Uzito uliozidi unakaa kwenye ekseli ya nyuma, kwenye matairi yake, beringi zake na springi zake, na mlima huvipa vyote hivyo kazi mara mbili. Wapo wanaofunga mifuko ya hewa chini ya bodi ili mkia wa gari uinuke. Gari litasimama sawa na litapendeza, lakini uwezo wa ekseli, matairi na breki umebaki ule ule. Kilichoondoka ni dalili tu.

Shingo ya tela ina jambo la pili. Mpira wa kukokotea uko zaidi ya mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo uzito unaoshuka pale unainua pua ya gari. Kwa pikapu yenye mita 3.7 kati ya ekseli na mpira ulio mita 1.2 nyuma, kilo 429 huondoa takriban kilo 140 kwenye magurudumu ya mbele na kuzihamishia nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa mshiko, na kwenye kona ya mteremko wenye maji hilo halisameheki. Dawa yake ni kiunganishi cha kugawa uzito, chenye fito za chuma zinazokazwa kama springi ili kurudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli za tela. Kwa tela la ukubwa huu nakiona kuwa jambo la lazima. Lakini kifaa hicho lazima kifungwe kwa vipimo: pima urefu kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi juu ya tairi la mbele kabla ya kufunga tela, pima baada ya kufunga, kisha kaza fito mpaka pua irudi pale mwongozo wa gari lako unapoelekeza.

Halafu nenda mizani. Kwenye vituo vingi vya malori Marekani kuna mizani ya CAT, yenye sahani zinazopima kila kundi la ekseli peke yake. Kwa gharama ndogo unapata karatasi inayokuambia uzito wa mbele, wa nyuma na wa tela. Pima mara mbili, na tela na bila tela, familia ikiwa ndani na matangi yakiwa kama yatakavyokuwa safarini. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, ukiwamo wangu.

Ndani ya tela, vitu vizito vikae mbele kidogo ya ekseli na chini sakafuni. Tangi la maji la lita 150 ni kilo 150, na likiwa nyuma ya ekseli linapunguza uzito wa shingo. Tela lenye shingo nyepesi huanza kuyumba mkia, na mteremko huzidisha kuyumba kwa sababu tela linasukuma badala ya kuvutwa. Likianza, mguu utoke kwenye mafuta, usukani ushikwe wima bila kupigana nao, na breki za tela peke yake zikazwe kwa mkono kupitia kidhibiti kilichopo kwenye dashibodi. Kukanyaga breki za pikapu kwa nguvu wakati huo kunaweza kulifanya tela likupite.

Sasa joto. Injini ya petroli hutupa kwenye maji ya rejeta joto linalokaribia kuwa sawa na kazi inayofanya, na hewa nyembamba ya mita 3,000 hupoza kidogo kuliko ya bondeni. Maji ya kupozea ya zamani, mfuniko wa rejeta uliolegea, feni isiyoshika sawasawa: mjini havionekani, mlimani vinajitokeza ndani ya dakika 10. Badilisha maji yaliyopitwa na wakati, kagua mipira ya maji, safisha wadudu na vumbi mbele ya rejeta. Kwa mwenye pikapu ya kizamani, kipoza mafuta ya gia ndicho kifaa cha kwanza ningekinunua. Giaboksi otomatiki hufurahia mafuta yaliyo kwenye nyuzi 80 hadi 95. Yakikaa juu ya 120 huanza kuharibika haraka, na giaboksi huenda nayo. Washa hali ya kuvuta mizigo, ambayo huifanya giaboksi ishike gia muda mrefu na kupunguza kuteleza kwa ndani kunakozalisha joto. Mafuta ya difu yabadilishwe pia. Ni sehemu inayosahauliwa kwa sababu haina geji.

Matairi yana joto lake. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika, hupata moto na kupasuka, na la tela likipasuka hung'oa sakafu na mabomba. Jaza upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kinacholingana na uzito uliosoma kwenye mizani. Angalia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 3521 ina maana wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi la tela lililofikisha miaka sita libadilishwe hata kama kashata zake bado ndefu, maana tela hukaa juani miezi mingi bila kutembea. Matairi mengi ya matela yalitengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, na sioni sababu ya kuzidi hapo ukiwa na familia.

Yote hayo ni utangulizi wa kushuka. Fikiria kilomita zile 13 kutoka handakini hadi Silverthorne. Tani 6.1 zikishuka mita 650 hutoa nishati ya megajuli 39 hivi, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji kutoka baridi ya kawaida. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki ina njia mbili tu za kutokea: injini, au breki. Dereva anayekaa na mguu juu ya breki ameichagua njia ya pili, na ndani ya dakika chache padi zinanuka, sahani zinawaka, na mafuta ya breki yanakaribia kuchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini kinachokubalika ni 140 tu. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio linazama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Kubadilisha mafuta hayo kabla ya msimu wa safari ni kazi ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichotajwa hapa, na kwangu mimi inatangulia vioo vya ziada, kamera na mapambo yote.

Breki za tela ni nusu ya uhai wenu. Kwa matela haya huwa ni za umeme: sumaku ndani ya ngoma huvuta breki shuu kwa kadiri ya umeme unaotumwa na kidhibiti. Vipo vidhibiti vya bei ya chini vinavyotuma umeme kwa kuhesabu muda tu, na vipo vinavyopima jinsi gari linavyopungua mwendo na kutuma kwa uwiano. Milimani nachagua hivyo vya pili bila kusita; pikapu nyingi za siku hizi zinavyo kutoka kiwandani. Virekebishwe tela likiwa na mzigo, kwenye uwanja mkavu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hadi magurudumu ya tela yakaribie kukwama, kisha shusha kidogo. Kagua pia pini ya dharura, ile ya waya mwembamba inayowasha breki za tela likichomoka. Waya wake ufungwe kwenye fremu ya pikapu. Ukifungwa kwenye kiunganishi, siku kiunganishi kitakapong'oka utaondoka nacho bila kufanya kazi.

Injini ndiyo breki isiyochoka. Kabla ya kuanza kushuka, kabla kabisa, punguza mwendo na teremsha gia mpaka gari lishuke bila kukuomba breki kila mara. Madereva wa malori wanaoshuka mlima wa Kitonga, Iringa, wanaijua kanuni ya kushuka kwa gia ambayo ungepandia, na wale walio Marekani leo na leseni za malori makubwa wameikuta kwenye mafunzo yao huko. Breki itumike kwa vipindi: mwendo ukifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa uthabiti upungue kilomita 8 hivi, achia, ziache zipoe. Injini ya dizeli, kwa kuwa haina kilango cha kuziba hewa kama ya petroli, inashika kidogo sana peke yake. Dizeli isiyo na breki ya eksozi haifai kwa tela kubwa kwenye milima hii, hata ikiwa na nguvu za kupanda kiasi gani.

Na kwa yule ambaye breki zimemkimbia, barabara ina njia za dharura zilizojazwa changarawe nene, upande wa magharibi wa handaki na kwingineko. Zimejengwa zitumike. Tarehe 25 Aprili 2019 lori lililopoteza breki kwenye I-70 lilipita njia kama hiyo bila kuiingia, likafika Lakewood, nje ya Denver, na kugonga magari yaliyokuwa kwenye foleni. Watu 4 walikufa. Pikapu na tela vikiingia kwenye changarawe vitaharibika, na gharama ya kuvutwa itauma, lakini mtatoka ndani mkiwa wazima.

Na ikiwa karatasi ya mizani imekataa? Kuna majibu matatu ya kweli. La kwanza ni tela lenye kilo 2,300 hadi 2,400 likiwa na mzigo wake wote, ambalo pikapu ya kawaida hulimudu na familia ndani. La pili ni pikapu ya daraja la juu, F-250 au za 2500, yenye ekseli, fremu na breki nzito. Inakunywa zaidi na inarusha zaidi ikiwa tupu, na kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka sioni kama inafaa kuendeshwa mjini siku zote zilizobaki. La tatu ni kubadili njia. Anayevuka kutoka mashariki kwenda Utah anaweza kuiacha I-70 na kupita I-80 ndani ya Wyoming, ambako sehemu ya juu kabisa, Sherman Summit, ina mita 2,633 tu na miteremko yake ni mirefu na ya taratibu. Bei yake ni upepo. Kuna siku mamlaka za Wyoming hufunga barabara hiyo kwa magari marefu mepesi, na tela tupu la safari ndilo hasa wanalolilenga, kwa hiyo anayechagua njia hiyo aitazame taarifa ya barabara asubuhi kabla ya kuwasha gari, na awe na siku moja ya akiba ya kusubiri katika mji wa Laramie au Cheyenne.